Nilichoma Nyasi za Paa la Shule, Nikawasingizia Watoto

Bwana Mhariri, na ninyi mtakaosomewa gazeti hili kwenye baraza za maduka, kuanzia Bakoba hadi Kitendaguro, mimi nimekosa. Sitaki kuzungukazunguka. Nyasi za kuezekea shule ya watoto wetu nilizichoma mimi, na nilipoulizwa nikasema ni watoto wenyewe. Haya, nimesema!

Jina langu silitaji. Huku kwetu, upande wa Muleba, wananijua wote na wameshanicheka vya kutosha. Lakini ninyi wa mbali bado hamjanicheka, na nadhani ni haki yenu. Binti yangu nitamwita Koku. Si jina lake, naye amekubali.

Shule yetu ni ndogo. Ina mwalimu mmoja na ubao mmoja, na watoto ambao idadi yao ya leo hailingani na ya jana, kwa kuwa kuna waliobaki nyumbani kulinda mbuzi. Walikuwa wakisomea katika banda bovu la kuwekea kahawa. Mvua ikinyesha, mwalimu anaandika neno ubaoni, na kabla watoto hawajalisoma limeshafutwa na maji! Wakubwa walikuwa wanawakinga wadogo kwa majani ya mgomba, na somo linaendelea.

Basi mwaka ule akaja mkaguzi wa shule kutoka Bukoba. Akaingia, akatazama juu, tone likamwangukia jichoni. Akajifuta kwa leso, akatoka nje, akatuambia wazazi tuliokuwa tumekusanyika: tukijenga darasa zuri kabla ya mvua za vuli, atatuletea mwalimu wa pili. Tusipojenga, hata huyu mmoja atampeleka kijiji kingine, na watoto wetu waende shule ya misheni.

Shule ya misheni! Mtu mzima akienda huko kwa miguu asubuhi inamwishia njiani. Wale wadogo wasingeweza. Koku wangu asingeweza, maana hata kisimani anakwenda kwa kupumzika mara mbili. Kwa hiyo mjue tangu hapa kwamba jambo lilikuwa hilo: paa kabla ya mvua, au watoto warudi kuchunga mbuzi.

Kijiji kikaamka. Wanaume walikata nguzo, wanawake walibeba udongo na maji, watoto walisokota kamba za migomba mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Kuta zikasimama, fito zikafungwa. Zikabaki nyasi.

Kwetu nyasi nzuri za kuezekea hazipatikani kibanjani katikati ya migomba. Zinapatikana rweya, yaani ule uwanda wazi wa kilimani ulioko nje ya mashamba. Mkungu wetu, ndiye mkuu wa kijiji, akapiga ngoma na kutangaza kwamba upande mmoja wa rweya usiguswe. Asichunge mtu, asichome mtu, mpaka nyasi zikomae na kukauka, tuzikate siku moja wote pamoja. Kisha akataka mlinzi.

Mlinzi akawa nani? Mimi! Nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba mpya ya msonge, ile nyumba yetu ya kienyeji ambayo nyasi zake huanzia kileleni zikashuka mpaka chini ardhini. Watu walikuwa wakija kuitazama hata siku za kazi. Mkungu akasema, "Anayejua nyasi katika kijiji hiki ni huyu." Nikavimba kichwa. Nikanunua hata fimbo ya kulindia!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mhaya yeyote mwenye ng'ombe anajua kwamba nyasi zikizeeka ng'ombe anazigeuzia uso. Ukichoma, manyunyu kidogo tu, chipukizi mbichi zinatoka na ng'ombe anacheka. Ng'ombe wangu walikuwa wamekonda, na ng'ombe akikonda samadi inapungua, na samadi ikipungua migomba nayo inakonda. Kila siku nakaa pale na fimbo yangu, nawaangalia ng'ombe, nao wananiangalia mimi.

Nikajisemea: nitachoma kipande kidogo tu, pembeni, nje ya mpaka. Kidogo tu! Jamani, neno hili limewaponza wangapi?

Nikaleta kijinga cha moto nimekifunga kwa maganda makavu ya mgomba. Asubuhi ilikuwa tulivu, hakuna hata jani lililotikisika. Kipande changu kikaanza kuungua taratibu, vizuri kabisa, nami nimesimama na tawi la majani mkononi najiona fundi. Nilikuwa hata naimba.

Upepo wa ziwani ukaja. Sikuusikia ukija! Moto ukalala chini, ukainuka, ukaruka mpaka mbele ya macho yangu. Nilipiga kwa tawi, tawi likashika moto. Nilipiga kwa shuka, shuka ikashika moto. Nilipiga kwa ile fimbo, upumbavu mtupu, nani anaua moto kwa fimbo? Ukanilamba uso. Basi nikakimbia. Naandika wazi: mlinzi wa nyasi alikimbia, na nyuma yake kilima kizima kikawa cheusi.

Nyumbani mke wangu alinitazama muda mrefu.

"Mawe, mama yangu! Baba Koku, nyusi zako umeziacha wapi?"

"Nilikuwa nachemsha kahawa za kutafuna. Moto ukanirukia."

"Kahawa zipi? Chungu cha kahawa hiki hapa, kina mavumbi tangu juzi."

Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, lakini kwa namna ile ambayo ni heri angesema. Koku alikuwa mlangoni na kibao chake cha kuandikia, ananitazama tu.

Mkungu akaitisha baraza palepale kwenye kuta za shule zisizo na paa. Watu walikuwa na hasira, na haki yao. Akaniuliza mbele ya wote, "Wewe mlinzi, ulimwona nani?"

Hapa ndipo nilipokosa kosa kubwa. Kuchoma nyasi ni ujinga, na mjinga husamehewa. Ningesema "ni mimi, waitu", kwa heshima kama tunavyomwita mkubwa, ningetukanwa siku ile na yangekwisha. Lakini niliona macho yote yale, nikakumbuka sifa za msonge wangu, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nilikuwa nimeteremka kunywa maji, waitu. Ila watoto wa shule huwa wanachoma viazi kule wakipita kwenda darasani."

Ni kweli waliwahi kuchoma viazi. Walichoma siku moja, penye udongo mtupu, wakauzima moto kwa maji, na kiazi kimoja kikubwa nilipewa mimi nikala! Hilo sikulisema.

Mwalimu akauliza kwa upole, "Watoto gani, mzee?"

"Wanafanana wote, mwalimu."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba wachapwe. Na mimi, mwenye nyusi zilizoungua, nikadakia kwa sauti kuliko yeye, "Wachapwe! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo!" Nikikumbuka sauti yangu siku ile natamani kujificha chini ya kitanda.

Mwalimu wetu ni mtu mwembamba, mpole, ambaye hata kuku hawamwogopi. Lakini siku ile alisimama akawa mrefu. "Waitu mkungu, sitamchapa mtoto asiyejulikana kosa lake. Kama ni wanafunzi wangu, basi na mimi nimo. Nyasi tutazitafuta wenyewe."

Na kweli wakaanza. Kila siku baada ya masomo walikwenda upande wa Kagoma, kulikokuwa na nyasi ambazo hazijaungua, wakakata, wakarudi na matita vichwani. Mwalimu anatangulia na tita lake, nyuma watoto kwa urefu wao, na wa mwisho kabisa vile vidogo vinavyobeba mashada kama ya kufagilia. Na wanaimba! Wangepita wananung'unika ningevumilia. Walipita mbele ya ua wangu wanaimba, wananisalimia kwa adabu, "Kasinge, tata!" tata ndiye baba, nami natafuna kahawa na kahawa haina ladha.

Nilijaribu kuwasaidia kwa siri. Nilikwenda kukata tita moja nikalitupa karibu na shule kabla watu hawajaamka, kama mwizi anayeiba kinyumenyume. Tita moja! Dhamiri ikaniuliza: ndiyo nini?

Nyasi zilikuwa haziongezeki vya kutosha. Za Kagoma zilikuwa fupi, na mikono ya watoto ni midogo. Mawingu nayo yakaanza kukusanyika juu ya ziwa kila alasiri.

Jioni moja Koku alirudi shingo imekaza, hawezi kuigeuza. Mama yake akamkalisha jikoni akamkanda kwa samli. Mimi nikajitia mkali.

"Huyo mwalimu wenu atawaua. Kwani wewe ulichoma nyasi? Si ungesema kwamba hukuwemo?"

Koku akanigeukia mwili mzima, kwa kuwa shingo ilikataa.

"Tata, nilikuona."

Mama yake akaacha kumkanda.

"Ulipita nyuma ya migomba unakimbia, shuka inatoa moshi."

"Sasa kwa nini hukusema kwa mwalimu?" nikamuuliza.

"Ningesema, ungeaibika mbele ya watu. Mimi nikibeba nyasi naaibika nini? Wenzangu wote wanabeba."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeniambia chumvi imekwisha. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba yangu nikalia, mimi mwanamume mzima mwenye ndevu. Wahenga wamesema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, mwanangu akala, na mimi nikawa namtazama anavyokula!

Kulipopambazuka nikaenda kwa mkungu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, lakini nilipofika nikayaanza kwa mkia: nikaomba msamaha kwa ajili ya kiazi. "Kiazi gani?" akauliza. Ilibidi nianze upya. Alipoelewa akasema, "Na zile nyusi! Mke wangu aliniambia, nikamkataza kusengenya." Akatuma mtu apige ngoma.

Nilisema yote barazani, mbele ya wazazi, mwalimu na watoto. Nilisema nilivyochoma, nilivyokimbia, nilivyosingizia. Nikawageukia watoto nikawaambia, "Nisameheni, wanangu. Mlibeba mzigo wangu." Nilingoja matusi. Kisha mtoto mmoja mdogo akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo viazi tunaruhusiwa?" Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Lakini kicheko hakiondoi faini. Mkungu akahukumu kama ilivyo desturi: nitoe mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wale, wanywe, yaishe. Wanaume wakaafiki haraka sana. Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Waitu, mbuzi ataliwa leo, na rubisi haitafika kesho. Mvua ikija nitaezeka kwa mifupa?"

Wote tukageuka kutazama kilima cheusi, kisha yale matita ya watoto, ambayo hayakutosha hata upande mmoja. Kisha mawingu. Na mdomo wangu, ule ule ulioniponza, ukafunguka tena bila kuniuliza.

"Chukueni paa langu."

Watu wakanitazama. Nami nilijitazama! Lakini nilipolisikia neno lenyewe nikaona ni la kweli. Msonge ule ulikuwa na nyasi ndefu, mpya, zilizokauka vizuri, kutoka kileleni mpaka chini. Zingetosha darasa na za kubaki.

Mke wangu aliningojea nyumbani.

"Baba Koku, umetoa paa."

"Nimetoa."

"Na mimi nimo ndani."

"Umo."

Akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka mpaka akakaa chini. "Mawe! Nimeolewa na mtu wa ajabu! Basi angalau mvua itakunyeshea usoni, labda nyusi zitaota." Kisha akafuta macho akasema, taratibu, kwamba tangu siku ya moto ule hajalala vizuri, na kwamba leo atalala hata kwenye tope.

Kesho yake walikuja kuezua. Walikuja alfajiri, hata wale ambao kazi za kijiji huwakuta wana homa! Waliimba, wakapanda, wakafumua, na kila tita lililoshuka lilishangiliwa. Watoto walijipanga mstari kutoka ua wangu mpaka shuleni, wakapokezana nyasi mkono kwa mkono. Jioni nyumba yangu iliyokuwa ikitembelewa na watu ilibaki mifupa, kama kuku aliyenyonyolewa. Tulihamia jikoni na mbuzi wetu, isipokuwa yule mmoja ambaye, kama mnavyojua, alikuwa ameshahukumiwa.

Shule ikaezekwa. Mvua ya kwanza ilitukuta tunafunga kamba za mwisho, watu wakakimbilia ndani wakasimama wamebanana, wakasikiliza. Hakukuvuja popote.

Mkaguzi akarudi. Akaingia, akatazama juu, akaendelea kutazama juu, nadhani alikuwa analingoja tone lake. Halikuja. Akauliza nyasi hizi zimetoka wapi, maana alipita akaona kilima kimeungua. Mwalimu akajibu kwamba kuna mzazi mmoja amezitoa. Mkaguzi akataka ampe mkono mzazi huyo! Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta. Koku akanivuta kwa nguvu zake zote.

"Ahsante sana, mzee," akasema mkaguzi. "Kijiji kingekuwa na wazazi wengi kama wewe!"

"Hapana, bwana," nikasema. "Tukiwa wengi tutamaliza vilima." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mkaguzi akacheka nao ingawa hakujua anacheka nini. Lakini aliandika alichoandika, na haukupita muda mwalimu wa pili akaja na sanduku lake kichwani.

Sasa niwaambieni jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali. Nilikuwa nimefunika paa bovu la jikoni kwa majani ya migomba, na upepo uliyachana kila siku, mimi nayarudisha. Asubuhi moja mvua ilinikuta njiani, karibu na shule. Nikasimama chini ya ukingo wa paa, nje, mgongo ukutani, maji yananichuruzika. Sikutaka kuingia. Ndani nilisikia wanasoma kwa sauti moja, wadogo kwa wakubwa, mwalimu anasema neno nao wanalirudia, na nilipochungulia mlangoni nililiona ubaoni limeandikwa, kavu, halifutiki.

Kitoto kimoja kilichokaa karibu na mlango kikaniona. Kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyobeba mashada. Kikasogea juu ya gogo lake, kikapapasa nafasi kwa kiganja.

"Ingia, tata. Huku hakuvuji."

Nikaingia. Nikakaa kati ya watoto niliotaka wachapwe, chini ya nyasi nilizozivuna kwa ajili ya sifa zangu, na hakuna aliyeniangalia vibaya. Mwalimu alinisalimia kwa kichwa akaendelea na somo. Nilibaki pale mpaka mvua ikakatika, na hata ilipokatika sikuwa na haraka ya kuondoka.

Basi ndugu zangu, msichome rweya kwa kusema kidogo tu. Upepo wa ziwani haujui kidogo. Na wewe uliyekosa, ukaona ni rahisi kulitupa kosa kwa watoto kwa kuwa hawana barazani pa kusemea, ogopa! Mtoto anayekubebea mzigo wako kimyakimya anaujua ni wa nani. Nenda ukamtue leo, ungali na mahali pa kukaribishwa.

Mimi ni mzazi, Muleba.